Mkopo wa Ujenzi

Ninafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita, huku upande wa Temeke, na kwa miaka mingi nimefundisha fonetiki nikiwa na jino moja la kuvaa bila mwanafunzi yeyote kujua. Lilikuwa la juu, la mbele kabisa, limeshikizwa kwenye kibao cha plastiki cha rangi ya ufizi kinachokaa kwenye kaakaa, na vijiwaya viwili vilivyong'ang'ania meno ya jirani kama konda anavyoning'inia mlangoni.

Lile la Mungu nilikuwa nimelivunja mwaka 2003 chuoni, nikimfungulia binti mmoja soda kwa meno. Kifungulio kilikuwepo. Kilikuwa kimefungwa kwa kamba dirishani pale pale dukani, kinaning'inia, kinaniangalia. Binti yule leo ni mke wangu, na akiulizwa alinipendea nini husema, "Nilimhurumia." Jino halikung'oka siku ile; lilipata ufa, likafa pole pole, likawa rangi ya majivu, mwishowe likang'olewa. Ndipo nikapewa kile kibao.

Sasa, jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba mfupa wa taya unapokosa jino la kulishikilia unaanza kunyauka. Ufizi nao unaufuata. Kibao kilichochongwa kikubane kama kiatu kipya kinaanza kupwaya kama kandambili. Mwaka juzi changu kilikuwa kimefikia hatua ya kugonga chenyewe, "ta, ta", nikiwa nimekaa kimya kwenye kikao cha walimu, na nilikishikilia kwa ncha ya ulimi. Wenzangu walidhani natafakari. Mkuu wa shule alifikia kunisifu kwamba mimi ni mtu wa busara, sikurupuki kuongea.

Ikaja Jumanne ya wadhibiti ubora. Mdhibiti mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mtulivu, amekaa dawati la nyuma na faili lake mapajani. Nami, kama mwalimu yeyote anayekaguliwa, nilikuwa nimeng'ara: shati la mikono mirefu, andalio la somo limepigwa mhuri, mchoro wa ala za sauti nimeubandika ukutani. Ubaoni nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Ala sogezi: ulimi, mdomo wa chini. Ala tuli: meno, ufizi, kaakaa gumu." Nikapigia mstari *tuli*. Nikawaambia, "Meno hayaendi popote. Ulimi ndio unayafuata."

Halafu nikaingia kwenye vikwamizi. Nikawaonyesha /f/: mdomo wa chini unagusa meno ya juu, hewa inapita kwa shida. Darasa likaitikia kivivu, "fff". Kwa sababu ya yule mama wa nyuma nikataka uhai. Nikasema, "Hapana, hapana! Hewa kutoka mapafuni, hivi: FFFA!"

Likatoka lote, kibao na waya zake. Lilipita juu ya dawati la kwanza, nikaliona likigeuka hewani kama linatafuta pa kutua, likaangukia kwenye kaunta buku ya binti wa safu ya tatu, katikati kabisa ya mchoro wa kinywa aliokuwa akinakili.

Kukawa kimya. Nimefundisha muda mrefu lakini sijawahi kupata utulivu wa namna ile darasani.

Kijana mmoja wa nyuma, mwenye sauti nzito na roho mbaya, akanyosha mkono. "Samahani mwalimu. Kwa hiyo meno tuyahamishie kwenye ala sogezi?"

Binti wa watu, aliyelelewa akaleleka, hakucheka. Alilisogeza lile jino kwa rula mpaka kwenye jalada la daftari, akaja nalo mbele kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, na nadhani kwa kukosa neno jingine la kusema akasema, "Shikamoo mwalimu." Nikasema, "Marahaba." Mpaka leo namshukuru aliyeliumba neno lile bila *s* wala *f*.

Nikajaribu kuomba udhuru kwa mdhibiti. Nilikusudia "samahani". Ikatoka "thamahani", na nyuma yake kifilimbi. Nikatoka nje mbio.

Bombani niliosha jino, nikaliweka ukingoni mwa sinki la zege ili nisukutue mdomo. Mkazi wa Dar es Salaam ameshajua kinachofuata. Kunguru wetu hawa waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, inasemekana ili wale takataka, na tangu wakati huo hawajachagua takataka ni nini na mali ya mtu ni nini. Nilisikia mkwaruzo wa kucha kwenye zege, nikageuka na mdomo umejaa maji. Alikuwa amelishika kwa waya. Tuliangaliana. Nikamrushia yale maji, akaruka mpaka kwenye mwarobaini, na mimi chini yake nikirusha kandambili ya mlinzi, na madirisha yote ya ghorofa ya kwanza yamejaa vichwa. Alipoondoka alielekea Mbagala.

Ripoti ya udhibiti ubora nimeisoma kwa macho yangu. Sehemu yangu iliandikwa: "Mwalimu anamudu mada na anatumia zana halisi. Ashauriwe kuzifunga vizuri." Wanafunzi wao waliniita Ala Sogezi, na jina hilo lilifika sokoni kabla yangu.

Basi nikaenda kwa daktari wa meno. Dada mmoja kijana, mpole, mwenye mifano ya ujenzi mdomoni muda wote. Kumbe baba yake ni fundi mwashi. Akaniambia anaweza kunitengenezea kibao kingine, au anipandikizie jino la kudumu. "Mwalimu, fikiria hivi. Tunatoboa shimo kwenye mfupa, tunasimamisha nguzo ya titani, kama skurubu. Tunaacha miezi mitatu, minne, ikamatwe na mfupa. Huwezi kupaua nyumba zege halijakauka. Halafu tunaweka kiungo, na juu yake tunaezeka jino."

Nikamuuliza huo mfupa unajuaje kuikamata skurubu. Akanisimulia habari za Msweden mmoja, Per-Ingvar Brånemark, aliyekuwa akichunguza damu inavyozunguka ndani ya mfupa wa sungura katika miaka ya 1950. Alikuwa amepachika kifaa cha titani kwenye mguu wa mnyama. Alipokwenda kukichukua akakuta mfupa umekikumbatia, hakitoki. Mwaka 1965 akaanza kuwapandikizia binadamu, na mgonjwa wake wa kwanza alikaa na nguzo zake miaka 40 na ushee, mpaka alipofariki. Nilikaa kwenye kile kiti nikawaza: hata huko Sungura amefika. Katika ngano zote ninazofundisha, sijaona mahali Sungura alipoazimwa kitu akarudisha.

Kisha akataja bei. Kwa hela ile mtu ananunua bodaboda mpya na kofia yake ngumu. Bima wakanijibu kwamba hilo ni la urembo, kana kwamba nilikuwa nimeomba wanja. Ikabaki SACCOS yetu ya walimu.

Hapa naomba msomaji anielewe. Fomu ya mkopo ina sehemu ya madhumuni, unaweka alama ya vema. Ukichagua "matibabu" wanakupa fedha ya kununulia dawa ya kikohozi. Ukichagua "ujenzi" wanakupa cha maana. Nikakumbuka maneno ya daktari: shimo, nguzo, zege, kuezeka. Nikaweka vema kwenye "ujenzi" na dhamiri yangu haikupepesa. Panapoulizwa hali ya eneo nikaandika, "Kiwanja kipo wazi, hakina mgogoro." Mahali kilipo: "Mbele, katikati." Mwalimu wa hesabu, aliyenidhamini, aliisoma fomu mara mbili, akavua miwani, akatoka nje kwenda kucheka. Akarudi akasaini.

Upasuaji wenyewe haukuwa na makubwa. Ganzi ilifanya kazi. Nilichosikia ni mtetemo tu, kama jirani anatoboa ukuta chumba cha pili, na maji yakimwagikia ndani muda wote ili mfupa usipate moto. Kilichonitisha ni mwishoni, alipochukua kispana kidogo akakaza ile skurubu kwa mkono: *krr, krr, krr*, kama fundi baiskeli. Kisha akaniambia mfupa wangu ulikuwa umepungua upande wa mbele, kwa hiyo ameongezea unga kidogo wa mfupa.

"Wa nani?" nikauliza, ulimi umekufa ganzi.

"Wa ng'ombe, mwalimu. Umesafishwa kabisa, usiwe na wasiwasi."

Nilifanya kosa la kumsimulia Mama Zawadi jambo hilo. Mke wangu ni Msukuma, mimi ni Mzaramo, yaani nimeoa mtani wangu na sina pa kukimbilia. Mahari yangu ilibaki na deni la ng'ombe mmoja, ambalo wakwe wamelinyamazia miaka yote kwa heshima. Mama Zawadi alinitazama na shavu langu lililovimba, akachukua simu, akampigia baba yake Shinyanga. Nilimsikia akisema kwa sauti ya furaha, "Baba, ng'ombe amepatikana. Amejificha mdomoni mwa mkweo."

Miezi iliyofuata ilikuwa ya uji, ndizi za kupondwa na wali wa maji. Daktari alitaka kunipa kibao cha muda. Nikakataa, kunguru bado walikuwa wanajua ninapofanyia kazi. Nikafundisha na pengo langu. Mada ya fonetiki nilimwachia mwalimu wa zamu aliye na meno yote, mimi nikashika ushairi. Beti zenye *s* nyingi niliwapa wanafunzi wasome wenyewe.

Mwezi wa nne daktari alifungua ufizi kidogo akaweka kifuniko kidogo cha chuma juu ya nguzo, kinachong'aa kama kichwa cha pini, ili ufizi ujipange kabla ya kuweka jino. Akasema nirudi baada ya wiki mbili. Nikarudi nyumbani nikijiona mtu mwenye nyumba iliyofika kwenye lenta.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, nikasikia hodi. Kamati ya mikopo, watu watatu: Mama Mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu, anayeongea taratibu kama anaamuru imla, katibu mwenye daftari, na mhasibu, kijana, na begi la kamera.

"Karibuni, karibuni sana. Shikamoo Mama Mwenyekiti."

"Marahaba, mwalimu. Tumepita kuona ujenzi."

Nilisahau kabisa kwamba wanafuatilia. Mama Zawadi, kwa wema ambao sikuutegemea, akaleta chai na vitumbua, na nikahakikisha kila mmoja amekula vitatu. Nikaongelea mvua. Nikaongelea barabara ya mwendokasi. Nikauliza habari za wajukuu wa Mama Mwenyekiti, wote saba, mmoja mmoja kwa jina. Alipomaliza wa saba akaweka kikombe chini.

"Sasa mwalimu, tupeleke kwenye eneo. Ni mbali?"

"Si mbali," nikasema.

"Tutembee kwa miguu?"

Mama Zawadi akakohoa, akaingia jikoni akiwa ameuma kanga.

Nikasimama katikati ya sebule, nikasema, "Mama, mmeshafika." Nikaeleza yote. Shimo, nguzo, zege, fomu, kila kitu. Nilipofika kwa ng'ombe katibu aliacha kuandika. Mama Mwenyekiti hakucheka wala hakununa. Alifungua mkoba, akavaa miwani, akawasha tochi ya simu, akanyanyuka na kunisogelea kama anasahihisha mtihani.

"Fungua."

Nikafungua. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akainamisha kichwa ili aone kwa chini.

"Katibu, andika. Msingi upo. Nguzo imesimama, imenyooka." Akagonga ule mchuma kwa ukucha, "ti, ti", mpaka nikasikia kisogoni. "Ni imara. Paa lini?"

"Wiki ijayo, Mama."

"Fedha imetosha? Mafundi wengi huwa wanatoroka kwenye paa."

"Imetosha, Mama."

Nikashusha pumzi. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kumtafutia katibu kalamu ya kusainia. Lakini mhasibu alikuwa bado anasoma fomu yake, kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Mwenyekiti, kuna kipengele cha picha. *Picha ya hatua iliyofikiwa, mmiliki akiwa amesimama kando ya jengo.*"

Tukaangaliana wote wanne. Mama Mwenyekiti akafikiri kidogo, kisha akanishika mabega akanigeuza kuelekea dirishani kwenye mwanga. Kijana akatoa kamera, akapiga goti, akafumba jicho moja. Kwa mazoea ya miezi minne mbele ya watu, bila kujijua, nikafumba mdomo.

"Mwalimu, samahani," akasema kutoka nyuma ya kamera. "Sogeza mdomo. Unaziba jengo."