Nilivyokuwa Mzabuni wa Magereza

Kwa miezi minne nilikuwa mzabuni wa serikali bila kujua. Kila Jumamosi nilibeba mfuko kwenda kumwona binamu yangu mahabusu: sabuni ya mche, dawa ya meno, karatasi za chooni na pakiti mbili za pedi. Moja yake, nyingine ya "huyu mwenzangu hana mtu wa kuja kumwona". Getini afande aliikata ile sabuni vipande vipande kuangalia kama nimeficha kitu, kisha akanirudishia mfuko na kuniambia, bila ubaya wowote, "Wiki ijayo, dada, ongeza sabuni."

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, ziitwazo Kanuni za Mandela, za mwaka 2015 zinasema mfungwa anatakiwa awe msafi, na kwa hiyo apewe maji na vifaa vya kujisafishia. Zile za Bangkok za mwaka 2010, za Umoja huohuo kuhusu wafungwa wanawake, zinataja kabisa taulo za kike, tena za bure. Kwa hiyo ule mfuko wangu ulikuwa bili ya mtu mwingine.

Kinachonishangaza ni kwamba hakuna manunuzi rahisi kukadiria kama haya. Jeshi la Magereza linahesabu watu wake asubuhi na jioni. Hedhi haiji kwa dharura kama mafuriko. Ukiwa na idadi ya wanawake, unajua pakiti za mwaka mzima kabla bajeti haijasomwa Dodoma. Halafu tunaambiwa pedi zimeisha!

Nadhani ugonjwa uko kwenye malipo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Vizuri. Sabuni na pedi ndizo bidhaa ambazo kikundi cha akina mama kinaweza kuzileta bila kukopa mamilioni. Lakini kikundi kilichozungusha mtaji wa VICOBA, yaani wa kuwekeana na kukopeshana, hakiwezi kukaa miezi sita kikisubiri serikali ilipe. Atakayeweza kusubiri ni mfanyabiashara mkubwa, naye usumbufu wa kusubiri ameshauweka kwenye bei. Ningekuwa na sauti, ningetaka bidhaa hizi ziwe na kifungu chao cha bajeti, mbali na mifagio na dawa za kudekia ofisi, na fedha yake isiguswe. Na kamati inayopokea mzigo iwe na askari wa kike anayejua pedi ipi inavuja.

(Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha kwa kuwa bei madukani haikushuka. Ubishi wote ule ulikuwa wa bei ya dukani. Aliye ndani haendi dukani.)

Jambo jingine: Karanga, kule Moshi, Magereza wana ubia kwenye kiwanda cha viatu vya ngozi. Sabuni ya mche haina ufundi unaozidi kiatu. Wafungwa wangeitengeneza, magereza mengine yakaichukua, na zabuni ingebaki ya mafuta na magadi tu.

Binamu yangu alitoka mwezi wa tano, kesi ikafutwa. Jumamosi iliyofuata nikajikuta dukani, pakiti mbili mkononi. Nilizinunua. Yule mwenzake bado yuko ndani.