Kilo moja ya chupa tupu

Mvua kubwa ya masika ikishapita, ukingo wa Mto Msimbazi pale Jangwani, Dar es Salaam, hujaa chupa za plastiki, na katikati yake hukosi kumwona mtu na kiroba chake, anaokota. Ugomvi wetu wote kuhusu ubepari, kwamba unanyonya watu na kuharibu mazingira, mimi nauona pale. Wanaoutetea mfumo huu nadhani wanapapita haraka mno.

Hoja wanazo. Plastiki ni nyepesi, gari moja hubeba nyingi. Chupa ya kioo huvunjika, na kuiosha kunataka maji. Mwokotaji naye amepata riziki bila kupiga magoti kwa mwajiri. Tena wanatukumbusha kwamba Bahari ya Aral, ziwa kubwa la Asia ya Kati, ilikaushwa sehemu kubwa na mipango ya Umoja wa Kisovieti ya kumwagilia pamba, ambako mabepari walikwishaondolewa zamani. Hilo ni kweli, na wajamaa wenzangu tusilikwepe.

Lakini hebu tupige hesabu ya mwokotaji. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa kama gramu 10 hadi 20. Kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 mpaka 100, yaani kuinama mara 50 mpaka 100, kwenye tope na mitaro ya maji machafu, mikono mitupu. Kisha anabeba mpaka kwenye mizani ya mnunuzi, ambaye ndiye mwenye bei. Na kila kiwanda kinapoifanya chupa kuwa nyembamba zaidi ili kuokoa gharama, kilo ileile inataka chupa nyingi zaidi. Kilichopunguzwa kiwandani kinaongezeka mgongoni mwa mwokotaji. Plastiki imepungua, sikatai, na hilo ni jema kwa mazingira. Ila nafuu imekwenda kwa mmoja na mzigo kwa mwingine, na hawa wawili hawajawahi kukaa meza moja.

Mto unaumia kwa njia hiyohiyo. Mizani inapenda chupa safi isiyo na rangi. Pakiti za biskuti na vimfuko vyembamba havina mnunuzi, basi hakuna anayeviinamia. Vinabaki mtaroni mpaka mtaro uzibe, na mvua ikija maji yanatafuta njia kupitia vyumba vya watu.

Soda ya chupa ya kioo tunaijua. Ukienda dukani bila chupa tupu, unaacha hela ya chupa au unakunywa hapohapo barazani. Muuzaji anadaiwa kreti na wakala, wakala anadaiwa na kiwanda. Kila chupa ina mwenyewe, ndiyo maana huikuti ikielea Msimbazi. Na waliobuni utaratibu huo ni wafanyabiashara waliotaka faida. Plastiki ilipoingia, kiwanda kikauza soda na kujivua chupa. Kazi ya kuirudisha ikaangukia kwa mwokotaji, manispaa na mto. Kizazi cha Azimio la Arusha, tamko la ujamaa la 1967, kilikuwa na jina la kitu kama hicho: mrija, wa kunyonyea jasho la wengine.

Kuukata mrija huu hakuhitaji kufunga soko. Ujerumani ni nchi ya kibepari, na tangu 2003 sheria yake inatoza amana, yaani hela ya chupa unayorudishiwa ukiirudisha, kwenye chupa za plastiki za vinywaji zinazotumika mara moja. Leo ni senti 25 za yuro kwa chupa. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayotambua kwamba mchafuzi ndiye alipe. Juni 1, 2019 tukapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Chupa tukaiacha.

Tuseme amana iwe shilingi 100 tu. Chupa 60 zinakuwa shilingi 6,000 mkononi mwa aliyeziokota, bila kujali kiwanda kimezifanya nyembamba kiasi gani. Wenye viwanda watasema soda itapanda bei. Itapanda kwa asiyerudisha chupa. Ninachokiona kigumu kweli ni mwenye duka la uchochoroni: chupa atazilundika wapi, na hela aliyomrudishia mteja ataipata lini, maana mtaji wake hauwezi kulala wiki mbili ndani ya chupa tupu. Kwenye kreti jambo hilo lilitatuliwa: gari lililoleta soda ndilo linaloondoka na chupa.