Kioo cha gari lililoegeshwa: kimejivunja au kimevunjwa?

Gari limelala limeegeshwa, milango imefungwa, hakuna kilichoibwa wala jiwe lililoonekana, ila asubuhi kioo cha mlango mmoja kimebaki punjepunje juu ya kiti. Mabishano yanayofuata huwa yaleyale. Mwenye gari anasema kimepasuka chenyewe. Mlinzi, kampuni ya bima na mara nyingi fundi wanamjibu kwamba vioo havijipasui: kuna mtu, au kuna kitu. Kila upande una hoja ya kweli, na kila upande huivuta hoja yake mbali kuliko inavyofika.

Kwanza tujue tunazungumzia kioo gani. Kioo cha mbele cha gari la kisasa ni tabaka mbili, kila moja yapata milimita 2, zilizoshikanishwa kwa utando wa plastiki wa milimita 0.76. Hicho hupata ufa, hakimwagiki. Milango, dirisha la nyuma na paa la kioo kwa kawaida hutumia kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa moto na kupozwa ghafla, ingawa baadhi ya magari mapya yana vioo vya tabaka mbili hata milangoni. Mjadala huu wote ni wa tempa.

Kioo cha tempa hukatwa, kingo zake zikasagwa na matundu yakatobolewa kabla ya kuingia tanuri. Hupashwa moto hadi nyuzi 620 hadi 650 sentigredi, kisha hupulizwa hewa kwa nguvu pande zote mbili. Ngozi yake, yaani tabaka la nje, huganda kwanza. Moyo, yaani sehemu ya ndani, huganda baadaye na kutaka kusinyaa, lakini ngozi ngumu inauzuia. Mwisho wa kazi ngozi inabaki imebanwa kwa megapaskali 70 hadi 100 na zaidi, na moyo unavutwa kwa takriban nusu ya kiasi hicho. Ngozi hiyo ina unene wa kama moja ya tano ya kioo kila upande. Kwenye kioo cha mlango cha milimita 4, ni milimita 0.8 tu.

Hapo kwenye milimita 0.8 ndipo ugomvi wote ulipo. Mkwaruzo unaoishia ndani ya ngozi hauna madhara ya papo hapo, kwa sababu mbano unaufunga mdomo. Ufa ukiipenya ngozi na kugusa moyo, nguvu iliyofungiwa humo tangu kiwandani hutoka yote. Ufa unakimbia kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde huku ukigawanyika, na kioo cha urefu wa mita moja kinakwisha kabla sehemu moja ya elfu ya sekunde haijatimia. Kwa hiyo anayesema "hakikupigwa na kitu wakati ule" anaweza kuwa mkweli kabisa. Nguvu ya kukivunja haikuhitaji kutoka nje. Kilichohitajika ni kichocheo, na swali la maana ni kichocheo hicho kilitoka wapi na lini.

Watetezi wa kujivunja hupenda kutaja salfidi ya nikeli, chembe ndogo za madini zinazonaswa ndani ya kioo kinapotengenezwa. Ni jambo la kweli na lina historia: mwaka 1961 E. R. Ballantyne wa taasisi ya utafiti ya CSIRO, Australia, alionyesha kwamba chembe za madini hayo ndizo zilizokuwa zikivunja vioo vya majengo bila kuguswa. Chembe hiyo huwa na umbo moja juu ya nyuzi 379 na umbo jingine chini yake. Kioo kinapopozwa haraka, chembe inanaswa katika umbo la joto, kisha inabadilika polepole kwa miezi au miaka na kutanuka kwa asilimia 2 hadi 4. Ikiwa imekaa kwenye moyo unaovutwa, inaanzisha ufa. Ndiyo maana vioo vingi vya majengo hupashwa tena moto wa nyuzi 260 hadi 290 kwa saa kadhaa, ili vibovu vipasukie kiwandani.

Lakini kuihamisha hoja hiyo moja kwa moja hadi mlango wa gari ni kuruka hatua. Uwezekano wa kukutana na chembe hufuata uzito wa kioo. Ukuta wa kioo wa ghorofa una tani na tani, kioo cha mlango hakifiki uzito wa mtoto mchanga mara mbili. Inawezekana, ndiyo. Ila iwe ya mwisho kufikiriwa, na isikubaliwe bila kuonekana kwenye vipande.

Hoja ya jua ndiyo dhaifu zaidi, nayo ndiyo inayosikika zaidi. Kioo cha kawaida hupasuka tofauti ya joto kati ya sehemu na sehemu ikifika kama nyuzi 40. Cha tempa huvumilia nyuzi 200 hivi. Gari lililofungwa juani hupata joto kali ndani, lakini hata ukimwagia kioo kizima maji baridi hufiki huko. Jua halivunji kioo cha tempa kilicho kizima. Linaweza kumalizia kilichokwisha jeruhiwa, na hilo ni dai tofauti kabisa. Vivyo hivyo nyaya za kuondoa ukungu kwenye dirisha la nyuma: zikikatwa na wembe wakati wa kubandua tinti zinaweza kuleta doa la joto, lakini gari lililozimwa halizipi umeme, basi kwa gari lililoegeshwa ziondoe kwenye orodha.

Upande wa kujivunja unapata nguvu zaidi kwenye mapaa ya kioo. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi kuhusu mapaa ya kioo ya magari ya Kia Sorento yaliyopasuka, na baadaye ikawaandikia watengenezaji wengine pia. Kioo cha paa ni kipana, kimekunjwa, na pembeni kina rangi nyeusi ya kauri iliyochomwa juu yake. Rangi hiyo huficha gundi na kuikinga na jua, lakini hupunguza uimara wa uso ilipokaa. Kwa paa, mtu akisema kimepasuka chenyewe ningemsikiliza kwa muda mrefu kuliko kwa mlango.

Sasa upande wa pili. Wanaosema "kimepigwa" wana takwimu ya akili ya kawaida: vitu vinavyorusha mawe ni vingi. Mashine ya kukata nyasi hurusha kokoto mbali na kwa kasi, na mwendeshaji mwenye kinga masikioni hasikii chochote. Risasi ya bunduki ya upepo ni ndogo na hupotea kati ya vipande. Mwizi aliyeshtuliwa huondoka bila kuchukua kitu. Na kukosekana kwa jiwe kubwa si ushahidi, kwani tempa haiogopi uzito, inaogopa ncha. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 43 hupima vioo hivi kwa kudondosha mpira wa chuma wa gramu 227 kutoka mita 2 na zaidi, na kioo kinatakiwa kusimama. Kitu chepesi mno, kikiwa kigumu kuliko kioo na chenye kona kali, hupenya ngozi kwa urahisi ambao mpira ule hauna.

Udhaifu wao ni saa. Wanadhani kipigo na mpasuko lazima viwe usiku uleule. Jeraha linaloishia karibu sana na moyo linaweza kukaa. Unyevu wa hewani huingia kwenye ncha ya ufa na kuusaidia kusogea kidogokidogo pale panapovutwa, mpaka siku moja mabadiliko madogo ya joto yanatosha. Jiwe la barabarani la wiki iliyopita linaweza kuvunja kioo leo gari likiwa limezimwa.

Na hapa ndipo pande zote mbili husahau ukingo, ambao kwa maoni yangu hueleza visa vingi vya milangoni kuliko salfidi na kuliko maadui wa usiku. Kioo cha mlango hubebwa na mashine ya kupandishia kupitia vishikio au matundu ya chini, sehemu ambayo huioni kamwe. Boliti ikifungwa bila vikombe vya plastiki vinavyotenganisha chuma na kioo, au ikakazwa kupita kiasi, ukingo wa tundu humenyeka. Skrubu ndefu iliyowekwa wakati wa kufunga spika mpya hukikwaruza kila kinaposhuka. Mchanga ulionasa kwenye raba ya pembeni husaga ukingo. Mashine iliyochoka hupandisha kioo kikiwa kimelala upande mmoja, na kikifika juu hubanwa kwa pembe na kuachwa hivyo usiku kucha. Dirisha la nyuma lililobandikwa lina maradhi yake: gundi ikiwa nyembamba, kioo hugusa bati moja kwa moja, na kutu inayoota chini ya gundi huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, hivyo huusukuma ukingo mwaka baada ya mwaka.

Kuna kisa kimoja kinachodanganya wote: kopo la dawa ya kupuliza lililoachwa ndani. Makopo hayo huandikwa yasizidi nyuzi 50. Likilipuka, kioo hutoka nje. Tafuta kopo lililofumuka sehemu ya chini na alama kwenye dari kabla ya kumtuhumu mtu.

Ushahidi ukitunzwa, mara nyingi kioo hujibu chenyewe. Usikiguse bado. Kama kina tinti, vipande vitakuwa vimeshikana, na hiyo ni bahati. Piga picha ya kioo kizima kwa pembeni, kisha karibu, ukifuata mistari ya nyufa hadi inapokutana: hapo ndipo chanzo. Bandika utepe mpana juu ya eneo hilo kabla ya kukitoa. Chanzo kikiwa katikati na kuna vipande viwili vikubwa kidogo vilivyopakana kama mbawa za kipepeo, chukua lenzi na tazama mpaka kati yao: kidoa cheusi katikati ya unene, cha sehemu ndogo ya milimita, kinaelekeza kwenye chembe. Mbawa peke yake bila kidoa hazitoshi. Chanzo kikiwa na unga wa kioo, kibonde upande mmoja, au vipande vilivyopotea, ni kipigo. Chanzo kikiwa ukingoni, fungua ubao wa mlango na utoe vipande vilivyobaki kwenye vishikio, maana jibu liko huko. Mahali punje zilipoangukia usipape uzito mkubwa. Kioo cha mlango kimekunjwa, nacho humwagika ndani na nje kikivunjwa kwa njia yoyote.

Magari kadhaa yakivunjika usiku mmoja sehemu moja, hoja ya nje hupanda sana, ila kwa tahadhari. Aprili 1954 wakazi wa Seattle waliripoti polisi maelfu ya vioo vya mbele vilivyojaa vidonda vidogo, hadi meya akamwomba msaada Rais Eisenhower. Wengine walilaumu majaribio ya bomu la haidrojeni. Ilikuja kuonekana kwamba sehemu kubwa ilikuwa uchakavu wa kawaida: watu walikuwa wameanza kuvitazama vioo badala ya kutazama kupitia kwake.

Kwenye fomu ya bima andika ulichokiona na mahali chanzo kilipo, si "kimejipasua" wala "kimevunjwa". Na kabla fundi hajaweka kioo kipya, afyonze punje zote chini ya mlango na ndani ya raba za pembeni, azibue matundu ya maji, aangalie vikombe vya boliti, kisha apandishe na kushusha kioo polepole akitazama kama kinakwenda wima. Punje moja iliyosahaulika kwenye raba inatosha kuanza kuukwaruza ukingo mpya.