Kumi na mbili au kumi na nne? Presha ya mgonjwa wa figo kwenye vilima vya Bukavu

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu kwenye kituo cha afya huku Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Alikuwa amepanda kwa miguu kutoka sokoni, na anayeijua Kadutu anajua kupanda huko ni kupanda kweli. Hakupumzika hata dakika moja. Muuguzi akamfunga mkanda wa mashine juu ya mkono wa sweta, akawa anaminya mpira huku akimuuliza habari za wajukuu, kisha akatangaza: "Mama, tansiyo (presha) iko kumi na sita kwa kenda." Shangazi akajibu, "Njo ile ya siku zote." Ikaandikwa kwenye kaye, daftari lake la matibabu.

Nikaomba apimwe tena baada ya dakika kumi: sweta limevuliwa, mgongo umeegemea kiti, mazungumzo yamekatwa. Safari hii mashine ilisoma 148 kwa 78. Mama ni yuleyule, asubuhi ni ileile.

Shangazi ana ugonjwa sugu wa figo, hatua ya tatu. Kwa mtu kama yeye, KDIGO, jopo la kimataifa linalotunga miongozo ya figo, lilipendekeza mwaka 2021 kwamba namba ya juu ya presha ishushwe hadi chini ya 120. Wenzao wa Ulaya wanaoshughulika na presha, katika mwongozo wa 2023, hawakuthubutu kufika huko: kwanza chini ya 140, halafu isogezwe chini ya 130 ikiwa mgonjwa anavumilia. Kwa hesabu yetu ya hapa, tuliyoizoea kwa njia ya Kifaransa, 120 husemwa 12 na 140 husemwa 14, kwa hiyo ubishi huo ni kati ya 12 na 14. Masikioni ni kitu kidogo. Ndani ya mishipa ya mgonjwa wa figo si kidogo hata kidogo, na kinachonivutia ni kwamba mishipa hiyohiyo inatoa ushahidi kwa pande zote mbili.

Tuanze na wanaotaka 12. Figo ni mishipa iliyosokotwa. Kila moja ina vichujio vinavyokaribia milioni, na kila kichujio ni fundo la vimishipa vyembamba kuliko unywele. Figo mbili, kila moja ikikaribia ukubwa wa ngumi, hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Zikiwa nzima, kimishipa kinachoingia kwenye kichujio hujibana presha inapopanda, mfano wa mlinzi anayesukuma lango watu wakizidi, na fundo la ndani halihisi kishindo. Figo zikiugua, mlinzi huyo hulegea. Presha ya mkononi inafika moja kwa moja kwenye kichujio, kichujio kinapata kovu, vilivyobaki vinabeba mzigo wa wenzao, navyo vinachakaa. Halafu figo iliyochakaa inabakiza chumvi na maji na kumwaga homoni zinazobana mishipa, presha inapanda tena.

Ndiyo maana swali la kila familia, "presha ndiyo iliyoharibu figo, au figo ndizo zilizoleta presha?", mara nyingi halina jibu moja. Richard Bright wa London, mwaka 1836, alikwisha kuona kwamba maiti zenye figo mbovu mara nyingi zilikuwa na moyo ulionenepa, akahisi kuna kitu katika damu kinachozuia mwendo wake kwenye mishipa midogo. Mwaka 1934 Harry Goldblatt alibana ateri za figo za mbwa, presha ikapanda. Njia inapitika kwenda na kurudi.

Sasa upande wa pili, ambao kwa maoni yangu haupewi nafasi yake. Figo dhaifu haziwezi kutoa fosfati yote ya chakula. Fosfati ikizidi, homoni za mifupa zinavurugika, na seli za misuli zilizo katika ukuta wa ateri zinaanza kujifanya seli za mfupa: zinajijengea chokaa. Haya si yale mafuta yanayoziba mshipa kwa ndani, ambayo watu wengi wanayafikiria wakisikia habari za mishipa. Ni ukuta wenyewe unaokakamaa. (Pengine ndiyo sababu mojawapo ya vidonge vya kushusha kolesteroli, vinavyosaidia kabla hali haijafika mbali, kutoonyesha faida ya maana kwa wanaosafishwa damu kwa mashine, katika majaribio mawili makubwa ya 2005 na 2009.)

Aota, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, ikiwa laini ni kama mpira wa ndani wa tairi jipya. Moyo ukipiga inatanuka, inaweka akiba ya damu, kisha inajikunja na kuisukuma mbele moyo ukiwa umepumzika. Na ni katika mapumziko hayo ndipo moyo wenyewe unapolishwa. Aota yenye chokaa haitanuki wala haijikunji, kwa hiyo namba ya juu inapanda na ya chini inashuka. Chukua mzee mwenye 165 kwa 62. Ukimwongezea dawa hadi namba ya juu ifike 118, ile ya chini inaweza kuanguka hadi hamsini na kitu. Daktari anayesita hapo si mvivu.

Ushahidi unasemaje? Jaribio lililoleta 120 linaitwa SPRINT, la Marekani, lilitangazwa mwaka 2015 likiwa na watu 9,361. Kati yao, 2,646 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Kundi lililoshushwa presha zaidi lilipata vifo vichache, hata miongoni mwa wenye figo mbovu. Lakini figo zenyewe hazikufaidika: hazikupona, na matukio ya figo kuumia ghafla yaliongezeka. Aliyefaidika ni mtu, kwa kuwa wagonjwa wa figo wengi zaidi hufa kwa moyo na mishipa kabla ya kufika kwenye mashine ya kusafisha damu. Hoja ya namba ya chini nayo ilipungua nguvu, maana faida ilionekana hata kwa walioanza na namba ya chini iliyo chini sana. Upande wangu ninaoutetea hapo umepata pigo, sina budi kukubali.

Ila SPRINT haikuwapokea wenye kisukari, wala waliowahi kupata kiharusi, wala wanaomwaga protini nyingi kwenye mkojo. Ukiwatoa hao, wadi ya zahanati zetu inabaki na wangapi? Jaribio jingine, AASK, lililofanywa kwa Wamarekani Weusi wenye figo zilizoharibiwa na presha, lilionyesha katika ufuatiliaji uliochapishwa 2010 kwamba kushusha sana presha hakukuchelewesha ugonjwa kwa wote. Kulisaidia waliokuwa na protini kwenye mkojo. Hapo ndipo kijiti cha kupima protini kwenye mkojo, kitu cha bei ndogo, kinapozidi thamani ya mabishano mengi.

Kuna jambo la upimaji pia. Namba za SPRINT zilipatikana mgonjwa akiwa amekaa kimya dakika tano, kwa wastani wa vipimo vitatu vya mashine inayojiendesha. Sasa rudi Kadutu: sweta, mlima, wajukuu. Ukifukuza 120 ya SPRINT kwa kipimo cha namna hiyo, utammiminia mama wa watu dawa za mtu mwingine. Na ule mtindo wetu wa "kumi na tatu", "kumi na nne" unakata milimita kumi kumi, wakati tofauti yote kati ya makundi mawili ya SPRINT ilikuwa kama 15. Yaani wasomi wanabishana juu ya kitu ambacho lugha yetu ya zahanati inakimeza.

Halafu kipindupindu. Huku Kivu hakikosekani muda mrefu. Mgonjwa aliye kwenye enalapril au losartani, dawa za presha, pamoja na dawa ya kukojoza, presha imeshushwa mpaka mwisho, akaharisha siku mbili: figo zinakosa damu na kuzimika. Huko kwenye majaribio kulikuwa na maabara ya kupima kreatinini (takataka ya damu inayoonyesha kazi ya figo) na potasiamu mara kwa mara. Hapa kipimo hicho ni pesa ya chakula. Ongeza diklofenaki ya mgongo inayonunuliwa kiholela na wanaobeba mizigo kutwa kwenye miteremko hii. Nayo inapandisha presha na kubana damu ya figo.

Msimamo wangu basi: kosa kubwa la Bukavu halipo kati ya 12 na 13. Lipo kwenye ile 16 ambayo shangazi anaiita ya siku zote na hakuna anayeshtuka. Kuishusha hadi karibu na 130, kwa kipimo cha haki, na makayabo (samaki wa chumvi) yakapunguzwa mezani, kunalinda mishipa ya karibu kila mgonjwa wa figo. Kutoka hapo kwenda chini ya 120 ningemruhusu mwenye mashine nyumbani, mwenye uwezo wa kupima damu, na asiyeona giza akisimama. Mzee mwenye pengo kubwa kati ya namba mbili ningemwacha kwanza. Na kila anayepewa dawa hizo aambiwe siku hiyohiyo: ukiharisha au ukitapika, rudi upesi uulize kama vidonge visimamishwe.

Shangazi sasa ana mashine ndogo, anapima asubuhi kabla ya chai. Juzi mjukuu wake alitaka kuandika 14 kwenye kaye. "Hapana," akamwambia, "andika yote. Mia moja makumi tatu na kenda."