Tundu kwenye paa la kanisa

Mjadala wa dini na sayansi ukianza tu, utasikia jina la Galileo, mwanasayansi wa Italia, na hapohapo hukumu imeshatoka: dini iliwafunga watu midomo, sayansi ikawafumbua macho. Sibishi kwamba Galileo alionewa. Mwaka 1633, akiwa na miaka 69, alipigishwa magoti mjini Roma na kulazimishwa na mahakama ya Kanisa Katoliki kukana kwamba dunia huzunguka jua. Alifungiwa nyumbani hadi alipofariki mwaka 1642. Hilo halina utetezi.

Lakini twende Bologna, miaka 22 baada ya hukumu hiyo. Mji huo ulikuwa chini ya utawala wa Papa mwenyewe. Mwaka 1655 mwanaastronomia Giovanni Domenico Cassini aliweka tundu kwenye paa la kanisa la San Petronio, mita 27 kutoka sakafuni, akachora chini mstari wa mita zaidi ya 60 kutoka kusini kwenda kaskazini. Kila adhuhuri yenye jua, duara la mwanga huukatiza mstari huo: wakati wa kiangazi karibu na chini ya tundu, wakati wa baridi mbali kabisa. Kanisa lilitaka kujua bila kubahatisha siku ambayo usiku na mchana hulingana, kwa kuwa tarehe ya Pasaka inategemea siku hiyo.

Cassini hakuishia hapo. Alipima pia upana wa lile duara, akalinganisha vipimo vya mwaka mzima ili ajue umbali wetu na jua hubadilika kiasi gani. Majibu yakakubaliana na Kepler, mwanaastronomia aliyeshikilia naye kwamba dunia huzunguka jua, mtu ambaye kitabu chake kilikuwa kimepigwa marufuku na Kanisa hilohilo! Jengo zima la ibada liligeuzwa chombo cha kupimia mbingu, na waliolipia ni wasimamizi wa kanisa lenyewe.

Kwa Waislamu ni hivyohivyo. Nyakati za sala, mwelekeo wa kibla na mwezi mwandamo ni ibada, lakini pia ni hesabu ngumu. Katika karne ya 14, Ibn al-Shatir alikuwa mtunza nyakati za sala katika Msikiti wa Umayya, Dameski. Akiwa kwenye kazi hiyo aliunda maelezo ya mwendo wa mwezi ambayo kihesabu ni yaleyale aliyoyatumia Copernicus mwaka 1543 katika kitabu chake kilichosema dunia huzunguka jua.

Hii habari ya uadui wa tangu na tangu ilienezwa zaidi na vitabu viwili vilivyotoka Marekani, cha Draper mwaka 1874 na cha White mwaka 1896. White alikuwa na lake moyoni: watu wa dini walikuwa wamemshambulia kwa kuanzisha Chuo Kikuu cha Cornell kisichofungwa na dhehebu lolote.

Kwa maoni yangu, kilichogombewa hasa katika kesi ya Galileo ni nani mwenye kauli ya mwisho. Katika barua yake ya mwaka 1615 Galileo, asiye padre, alieleza jinsi Maandiko yanavyopaswa kusomwa yanapogusana na maumbile, wakati ambapo Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wakitoana macho juu ya haki hiyohiyo ya kufasiri. Elimu ya nyota peke yake ingevumiliwa kwa muda mrefu zaidi.

Na kauli ya mwisho inaweza kung'ang'aniwa hata kwa kusifu. Mwaka 1951 Papa Pius XII alihutubia wanasayansi, akaelekea kusema kwamba fizikia mpya ya chanzo cha ulimwengu inathibitisha uumbaji. Aliyekuwa ametangulia kutoa wazo la chanzo hicho, Georges Lemaître, alikuwa padre, na mtu angetarajia afurahi. Hakupendezwa hata kidogo. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia hiyo iko nje kabisa ya maswali ya dini, na asiyeamini Mungu ana uhuru wa kuikubali bila kubadili imani yake.