Nyonga Ikivunjika Uzeeni: Fedha Ziende kwa Mazoezi au kwa Mlezi?

Mzee akivunjika nyonga, familia huanza kwa kuhesabu gharama ya upasuaji. Hiyo hulipwa ikaisha. Isiyoisha ni ya kumnyanyua, kumwogesha, kumpeleka chooni na kumgeuza usiku. Ndipo ubishi unapozuka: fedha zilizobaki ziende kwa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi), au atafutwe mlezi na mzee aachwe apumzike?

Wanaotetea mazoezi wana hoja nzito. Siku 10 za kulala tu zinatosha kumpotezea mzee mwenye afya karibu kilo 1 ya misuli ya miguu, sembuse aliyevunjika. Mwongozo wa Uingereza unataka upasuaji ufanyike siku ya kulazwa au inayofuata, na mgonjwa asimamishwe kesho yake. Ndugu hushtuka: mfupa si bado haujaunga? Kweli haujaunga, ila vyuma au kiungo bandia kwa kawaida huwekwa ili viweze kubeba uzito wake mara moja. Hatari iko kitandani: nimonia, damu kuganda miguuni, vidonda vya makalio na visigino. Kidonda cha kisigino peke yake huweza kusimamisha mazoezi kwa wiki kadhaa.

Huko Trondheim, Norway, jaribio la wagonjwa 397 lililochapishwa 2015 lilionyesha kuwa waliotunzwa na timu ya tiba ya wazee walitembea vizuri zaidi baada ya miezi 4 kuliko waliolazwa wodi ya kawaida ya mifupa, na gharama haikuwa hoja ya kuukataa utaratibu huo. Lakini tazama waliochaguliwa: walikuwa wakiishi majumbani na wakitembea kabla ya kuvunjika. Aliyekuwa hatembei hakuhesabiwa.

Upande wa pili nao haubahatishi. Mwaka 2019, jaribio la Marekani liliwapa wazee mazoezi ya nyumbani kwa wiki 16 baada ya tiba ya kawaida kwisha. Walioweza kutembea mita 300 kwa dakika 6 hawakufika hata robo, na tofauti yao na wenzao waliopewa mazoezi mepesi haikuwa ya kutegemewa. Kwa nini basi mtu alipie miezi mingine?

Kwangu mimi, mita 300 ni kipimo cha mtafiti, si cha anayelipa. Gharama hupanda kwa ngazi: mzee anayeinuka mwenyewe, anayehitaji mtu mmoja, anayehitaji wawili. Kumtoa kwenye watu wawili hadi mmoja kunaokoa mshahara mzima, au kumrudisha binti yake kazini, hata kama mzee hatavuka mlango. (Saa za binti huyo haziandikwi popote, ndiyo maana kumtoa mgonjwa hospitali mapema huonekana kama akiba.)

Kwa ngazi hiyo, zoezi lenye faida ni kuinuka kitini. Kiti kiwe na mikono na kizidi kidogo urefu wa goti. Kochi la chini humfanya ashindwe hata akiwa na nguvu. Vishikio vya fremu ya kutembelea vifike usawa wa kifundo cha mkono, mikono ikining'inia. Mkongojo hushikwa upande usiovunjika, na wengi hukosea hapo. Mwenye usahaulifu mkali afundishwe kitendo kilekile, kiti kilekile, kila siku. Kwake maelezo marefu hayasaidii, na mtaalamu akija mara 2 kwa wiki bila mlezi kuendeleza, fedha hiyo imepotea.