Nilivyomuua Dereva Kivukoni

Ofisini kwetu kile kipande cha programu kinachoifanya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, iongee na kadi ya mtandao wa diski tunakiita dereva. Vitabu vinasema kiendeshi. Laiti ningefuata vitabu.

Dereva wetu ni wa nje ya mti, yaani msimbo wake haumo ndani ya Linux yenyewe. Ni mpangaji wa uani. Mwenye nyumba akihamisha mlango wa choo usiku, hamwambii, na wala hajawahi kuahidi kumwambia. Watu wa kerneli wanasema wazi: mambo ya ndani hayana dhamana, ukitaka raha leta msimbo wako ndani tuhame nao.

Mlango wa choo wa mwaka 2023 ulikuwa class_create, amri ya ndani ya kerneli ambayo madereva huiita. Miaka yote ilipokea hoja mbili, yaani vitu viwili unavyoipa: THIS_MODULE na jina. Kerneli 6.4 ikaifuta ya kwanza. Seva yetu ya Posta ilipopanda kutoka 5.15 kwenda 6.8, DKMS, programu ya kujenga upya madereva wa nje kila kerneli ikibadilika, ikajaribu kumjenga dereva upya, ikashindwa, diski zikapotea. Nikaandika sharti: kerneli ikiwa chini ya 6.4, hoja mbili, vinginevyo moja. Mistari mitano. Nikaenda kula chapati maharage najiona fundi.

Tawi la Kigamboni lina kerneli 5.14, ile ya Linux ya mkataba, ambayo makampuni huilipia msaada. Tano ni ndogo kuliko sita, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Kumbe hizo kerneli namba haibadiliki, ila ndani wanabandika vipande vya kerneli mpya. Ni Corolla ya Gerezani: kadi inasema 1998, injini imeshushwa bandarini juzi. Umeme ukakatika, seva ikawaka na apdeti mpya, namba ni ileile 5.14, na class_create sasa inataka hoja moja. Diski hakuna. Mtandao wa tawi nao ulikuwa unaishi kwenye diski hizohizo, hivyo hata kuingia kwa mbali haiwezekani.

Bosi akasema, "Nenda." Nikashuka Magogoni, nikapanda kivuko. Kwa simu nikamwelekeza dogo wa tawini afute THIS_MODULE kwa mkono. Ikajengeka. Tatizo likawa jingine: kerneli ilipomkosa dereva wetu ilishamweka wa kwake kwenye kadi. Upepo wa bahari, mlio wa injini, sisikii kitu, nikawa napiga kelele.

"Kaka, dereva wetu amekataa kupakiwa!"

"Kuna mwingine amekaa nafasi yake. Mng'oe!"

"Nimemng'oa, hatoki. Kuna wanaomshikilia."

"Waue wanaomshikilia, halafu umng'oe."

"Nimeua wawili, bado kaka."

"Ua wote! Usibakize hata mmoja, bosi anataka kabla ya saa nane!"

Nilipoinua macho, kivuko chote kilikuwa kimya. Mama mwenye ndoo ya samaki alikuwa amemvuta mwanawe nyuma ya kanga. Mzee mmoja mwenye kofia ya mkono akanisogelea taratibu.

"Mwanangu, huyo dereva ana watoto?"

"Mzee, ni dereva wa kompyuta."

"Hata wa kompyuta," akasema, "ni mtoto wa mtu."

Nikaanza kumweleza habari za kerneli. Nilipofika kwenye neno "michakato ya kuua" nikaona bora ninyamaze.

Upande wa pili nikaita bajaji. Iko tupu, jamaa anachezea simu. "Nimejaa, braza." Ya pili ikawasha ikaondoka kabla sijafungua mdomo. Nikatembea, jua la saa saba kichwani, kompyuta mgongoni.

Kazi yenyewe ikawa ya nusu saa. Nilimpiga marufuku yule dereva wa kerneli asipakiwe seva inapowaka, nikajenga upya initramfs, lile furushi la faili ambalo Linux huanza nalo inapowaka, nikaiwasha seva. Diski zikarudi zote. Lile sharti la namba nikalitupa. Sasa dereva kabla ya kujengwa anakompaili faili dogo la majaribio lenye class_create ya hoja moja. Likikubali, moja. Likikataa, mbili. Kadi ya gari siiulizi tena, nafungua boneti.

Jioni narudi kivukoni, bajaji ileile ya kwanza ikasimama mbele yangu yenyewe.

"Vipi, dereva?"

"Mzima. Amepakia mzigo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Panda. Ila mimi ukinilipa, lipa kabisa kabla hatujaondoka."